Hotuba juu ya Mkutano wa Kahawa huko Chicago

(Ilisomwa mbele ya wanachama wa tawi, na kupigwa chapa kwa ombi la Kamati)



Mlitutuma watu watatu na tumerudi watatu, wazima. Twawashukuru kwa mchango wenu, na zaidi kwa makoti mliyotuazima. Chicago katika mwezi wa Aprili ni mji wa baridi ya kuuma masikio, na upepo utokao katika lile ziwa lao la Michigan hauna adabu hata kidogo. Makoti yatarudishwa kwa wenyewe yakiisha kufuliwa.

Habari za karakana, mabehewa na mishahara ya wenzetu wa huko tulizieleza katika mkutano uliopita. Leo tumeombwa tuseme juu ya siku moja tu, ile tuliyokwenda kwenye mkutano wa wafanya biashara ya kahawa. Wengine wenu mmeuliza, na mna haki ya kuuliza, watu wa reli walikuwa wakitafuta nini huko. Ilikuwa hivi. Wenyeji wetu, ambao nao ni watu wa reli, walituuliza tulipofika: "Reli yenu huchukua mizigo gani?" Tukataja mafuta, ngano, saruji, chai na kahawa. Waliposikia kahawa wakacheka, wakasema tumefika juma lenyewe, kwa maana Ijumaa tarehe 12 Aprili 2024 ndipo mkutano mkubwa wa kahawa ulipokuwa ukifunguliwa mjini mwao, kwa siku tatu. Wakatutafutia vibali vya kuingia, vile vya kuvaa shingoni.

Mkutano ulikuwa katika majumba yaitwayo McCormick Place, kando ya ziwa. Ni majumba manne makubwa yaliyounganishwa kwa njia za kupita, na wanasema Amerika ya Kaskazini yote haina mahali pa mikutano panapozidi pale kwa ukubwa. Lakini jambo lililotufurahisha sisi ni kwamba reli inapita chini yake. Stesheni imo chini ya jengo, mtu anashuka garini na kupanda ngazi tu. Njia ile ilitiwa umeme mwaka 1926, na mpaka leo magari yake huenda kwa umeme. Mwenzetu fundi wa mabehewa alichelewa kupanda ngazi kwa sababu ya kutazama nyaya, ikabidi tumrudie.

Sasa, mkutano wenyewe. Wenye mkutano ni chama kiitwacho Specialty Coffee Association, kilichopatikana mwaka 2017 vilipoungana viwili, kimoja cha Marekani cha tangu 1982 na kingine cha Ulaya cha tangu 1998. Kahawa yao si kahawa yoyote. Ni ile ya daraja la pekee, ambayo waonjaji wakiipa alama katika mia, imepata themanini au zaidi. Ikipata sabini na tisa, huyo si mwenzao. Jina hilo la kahawa ya pekee lilianza kusikika sana mwaka 1974, na aliyelisema ni mama mmoja, Erna Knutsen, aliyezaliwa Norway. Alianza kama karani wa mkubwa mmoja katika kampuni ya kuagiza kahawa, na wanaume wa kazi ile hawakutaka aingie katika chumba cha kuonja. Aliingia, na baadaye ndio waliomfuata yeye. Dada zetu wa ofisi ya tikiti walitutaka tusiliache jambo hili, nasi hatukuliacha.

Ndani mna vibanda mamia. Wahabeshi wapo, na watu wa Kolombia, Brazili, Rwanda, na Kenya pia ipo. Pana mashine za kukaanga kubwa kama tangi la maji, na nyingine ndogo za kuweka mezani. Pana watu wanaochora majani na ndege kwa maziwa juu ya kikombe, halafu mchoro unanywewa. Pana mashindano ya dunia ya kupika kahawa kwa kumwagia maji ya moto tu, bila mashine. Mshindani anapima unga kwa mizani kama ya duka la dawa, na maji kwa kipima joto, na waamuzi wameketi mbele yake kimya kama mahakama. Mwaka ule alishinda mtu wa Austria, Martin Wölfl. Sisi tulidhani kahawa huchemshwa katika sufuria.

Tulikaribishwa katika meza ya kuonja. Kazi yenyewe ni hii. Wanaweka unga katika vikombe vingi vya sawa, gramu nane na robo kwa kila mililita 150 za maji, maji yasiyofika kuchemka kabisa, ya nyuzi kama 93. Wanangoja dakika nne. Juu ya kikombe unga unafanya kama ukoko. Kisha mwonjaji anainamisha pua karibu sana, anauvunja ule ukoko kwa kijiko, ananusa. Baadaye anachota kidogo kwa kijiko na kuivuta kinywani kwa nguvu, na sauti yake ni kama breki za upepo zinapoachiliwa. Mama zetu walitufundisha kwamba kunywa kwa sauti ni utovu wa adabu. Pale asiyetoa sauti ndiye asiyejua kazi.

Tulipofika kwenye kikombe cha Kenya, wale waonjaji walibadilika nyuso. Walisema ina ukali mzuri na ladha ya lile tunda dogo jeusi la Ulaya ambalo hufanyiwa Ribena. Wakatuambia majina ya miti yetu, SL28 na SL34, iliyochaguliwa katika Scott Laboratories karibu na Nairobi miaka ya 1930, kama watu wanaotaja majina ya babu zao. Sasa sikilizeni. Mmoja wetu amezaliwa Mathira. Alichuma kahawa tangu akiwa mtoto wa shule ya misheni, ada yake ililipwa na kahawa, na nyumbani kwao walikunywa chai siku zote za maisha yao. Siku ile, ng'ambo ya bahari, akiwa mtu mzima mwenye watoto watatu, ndiyo aliyoonja kahawa ya upande wa kwao mara ya kwanza. Alishika kile kijiko akanyamaza. Waonjaji walimuuliza ameonaje, akasema ni nzuri. Alituambia baadaye kwamba hakuwa na la kusema kwa sababu alikuwa akimfikiria mama yake.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye kibanda cha kijana mmoja mkaangaji, mtu mpole, aliyekuwa akiuza kahawa ya Kenya katika mifuko midogo ya gramu 340. Bei yake dola 23. Kwa hesabu ya fedha ya mwezi ule ni kama shilingi elfu tatu. Nyuma ya mfuko pamechapwa habari nyingi: wilaya iliyotoka, kiwanda kilichoimenya, urefu wa mlima kwa mita, aina za miti, jinsi ilivyooshwa, kwamba ilikaushwa juu ya vitanda vya wavu, na mwezi iliyovunwa. Yule kijana alisema, na alisema kwa moyo, kwamba siku hizi mnywaji anataka kujua kahawa yake imetoka mkononi mwa nani.

Basi sisi tukamwuliza, ndugu, imetoka mkononi mwa nani?

Akasoma tena jina la kiwanda. Tukamwambia hicho ni kiwanda, hapo huletwa kahawa ya wakulima mamia na mamia. Nani aliichuma, na alilipwa ngapi kwa debe? Kijana akaugeuza mfuko, akatazama upande wa pili kama kwamba huenda pameandikwa hapo. Akasema hajui, na kwamba tangu aanze biashara hakuna aliyemwuliza. Hakukasirika. Alituomba tumwandikie swali lile kwa Kiswahili katika kitabu chake, akaliulize kwa aliyemwuzia.

Usiku ule tulifanya hesabu, maana mmoja wetu ni karani wa bohari na hawezi kulala hesabu ikiwa wazi. Kilo sita au saba za kahawa nyekundu kutoka mtini hutoa kilo moja ya buni iliyokobolewa. Katika kukaangwa, buni hupoteza kama sehemu ya sita ya uzito. Kwa hivyo mfuko mmoja wa gramu 340 umekula kilo mbili na nusu na zaidi kidogo za kahawa nyekundu. Mchumaji akichuma kilo 50 kwa siku, amechuma mifuko kumi na tisa hivi, ambayo katika kibanda kile ni shilingi 57,000. Hatusemi apewe zote. Katika fedha hizo mna mkulima, na kiwanda, na kinu, na meli, na mkaangaji, na kodi ya duka, na msichana anayesimama nyuma ya mashine tangu alfajiri. Na mkulima mdogo mwenyewe, mara ngapi amengoja malipo yake miezi mpaka msimu mwingine ukaingia? Wachumaji wa mashamba makubwa wana chama na mkataba. Lakini yule anayechuma kwa debe katika shamba la jirani hana karatasi hata moja yenye jina lake. Hesabu yake ni alama ya kalamu katika daftari, na msimu ukiisha daftari huwashia moto.

Msidhani kwamba katika ukumbi ule hapakuwa na wafanyakazi wenye chama. Magunia na mashine zile huingizwa na watu wa chama cha Teamsters, na maseremala na mafundi wa umeme nao wana vyama vyao. Tulisikia wenye vibanda wakinung'unika juu ya saa za ziada zao, tukajua kwamba huko nako ni kama huku. Hata wapika kahawa wa madukani wameanza. Mwezi wa Desemba 1981 tungesema ni ndoto, lakini mwezi wa Desemba 2021 wafanyakazi wa duka moja la Starbucks katika mji wa Buffalo walipiga kura wakaingia katika chama, na baada yao maduka mamia yamefuata. Kwa hivyo mwenye kusafirisha ana chama, mwenye kupika ameanza kukipata. Yule wa mwanzo kabisa ndiye aliyeachwa.

Tulikuwa tumejaa maneno haya, ndugu, na tulijiona watu wa haki sana. Siku ya pili yake mwenyeji wetu, mzee mweusi mstaafu aliyekuwa kondakta wa magari ya abiria, alitwambia, "Njoni niwaonyeshe kitu." Akatupandisha katika njia ile ile ipitayo chini ya ukumbi, tukaenda kusini mpaka mahali paitwapo Pullman.

Wazee wetu wa reli watalijua jina hilo. George Pullman alikuwa mwenye kiwanda cha mabehewa ya kulala, na tangu mwaka 1880 alijenga mji mzima kwa ajili ya kiwanda chake, nyumba zake, duka lake, hata kanisa lake. Mwaka 1894 alipunguza mishahara na hakupunguza kodi za nyumba. Watu wakagoma. Chama cha watu wa reli chini ya Eugene Debs kikakataa kugusa mabehewa yake, magari yakasimama nusu ya nchi, serikali ikaleta askari, watu wakauawa, Debs akafungwa. Huu ndio mji ule ule wa mgomo wa saa nane za kazi wa Mei 1886, uliotupa Sikukuu ya Mei. Lakini yule mzee alitwambia jambo ambalo halisemwi sana. Chama kile cha Debs kilikuwa kimepiga kura kutowaingiza watu weusi. Debs mwenyewe alitaka waingie, akashindwa kwa kura chache.

Na watu weusi katika mabehewa ya Pullman walikuwa maelfu. Hao ndio wapagazi, waliotandika vitanda, kubeba mizigo na kung'arisha viatu vya abiria usiku. Wa kwanza walikuwa watumwa waliopata uhuru. Abiria hawakuwauliza majina. Kila mpagazi, awe nani, aliitwa "George", kwa jina la bwana Pullman, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mtu alifanya kazi miaka thelathini akastaafu akiwa George. Walifanya kazi karibu saa 400 kwa mwezi. Mwaka 1925 walianzisha chama chao wenyewe na kumweka A. Philip Randolph kuwa mkubwa wao, mtu ambaye hakuwa mpagazi na kwa hivyo kampuni haikuweza kumfukuza. Ilichukua miaka kumi na miwili. Tarehe 25 Agosti 1937 kampuni ilitia sahihi mkataba, na saa zikashuka mpaka 240. Iko nyumba ya makumbusho yao pale, yenye jina la Randolph. Tuliingia, tukaona kofia zao.

Na chama chetu hakiko mbali na habari hii. Randolph alikuwa rafiki wa Tom Mboya. Mboya alipotembelea Marekani mwaka 1956, vyama vya wafanyakazi vya huko vilitoa dola 35,000 za kujenga nyumba ya wafanyakazi wa Kenya, ndiyo ile Solidarity ya Nairobi ambayo wengi wenu mmepanda ngazi zake. Fedha hizo zilitoka katika mikono ya watu wenye vyama, na miongoni mwao ni hao waliokuwa wakiitwa George.

Tulipotoka makumbushoni tulimsimulia yule mzee habari ya kijana wa kahawa, jinsi tulivyomwuliza jina la mchumaji akashindwa. Tulisimulia kwa kujisifu kidogo, tukubali. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ukali: "Na kahawa hiyo ikifika kwenu bohari, nani huipakia?"

Tukasema, vibarua.

Akasema, "Majina yao?"

Ndugu zangu, karani wetu amekaa katika bohari lile miaka kumi na moja. Kila siku ya kupakia kahawa huandika katika kitabu chake: magunia kadha, uzito kadha, kontena nambari kadha, vibarua 14. Nambari za kontena anazikumbuka kwa moyo. Katika wale kumi na wanne hakuweza kumtaja hata mmoja kwa jina lake. Mmoja tunamwita Mrefu. Mwingine tunamwita Wewe wa Kamba. Ni watu wa mkandarasi, si wa reli, na kwa hivyo siku zote tumesema si wetu. Gunia ni kilo 60. Wanalipwa kwa kontena, mvua ikinyesha wanarudi nyumbani bure, na mwaka jana mmoja alipoangukiwa na mguu kuvunjika, sisi tulichanga shilingi mia mbili tatu kila mtu tukaona tumefanya vyema. Hakuna aliyeandika jina lake, wala hatujui leo yuko wapi.

Njiani kurudi stesheni hatukusema mengi.

Tangu tumerudi, tumefanya jambo moja. Karani alichukua kitabu kipya, akaenda bohari saa moja asubuhi kabla ya lori la kwanza, akaanza kuandika majina. Siku ya kwanza walikataa. Walidhani ni orodha ya watu wa kufukuzwa, kwa sababu kwao jina halijapata kuandikwa kwa heri. Mrefu ndiye aliyekubali kwanza, baada ya kutuuliza mara mbili kama tumetumwa na mkandarasi. Imetuchukua siku tisa. Tulidhani ni 14, kumbe ni 22, maana hubadilishana zamu wagawane kazi isiyowatosha. Sita wamepakia pale zaidi ya miaka mitano. Wanne ni wanawake, wanaoshona magunia yaliyopasuka na kufagia buni iliyomwagika, nao hawakuwa hata katika ile hesabu ya 14.

Twajua mashaka yenu. Mtasema ada zao zitatoka wapi, na mkandarasi akisikia atawaacha alete wengine. Hilo laweza kutokea. Mtasema pia kwamba wakiingia, siku moja watataka kazi za kudumu, na kazi za kudumu zenyewe ni chache. Hilo nalo tumelisema sisi kwa sisi, tusifichane. Katibu ametazama katiba ya chama na asema kwamba neno hili lahitaji kura ya mkutano wa tawi, na ndiyo sababu limewekwa kuwa la nne katika ajenda ya leo, pamoja na ada ndogo ya muda ambayo Mweka Hazina ataieleza.

Orodha ya majina iko mezani kwa Katibu, kila mtu na jina lake na la baba yake. Watu watano kati yao wako nje karibu na mlango tangu tulipoanza, kwa sababu hawakujua kama wanaruhusiwa kuingia. Tunaomba, Ndugu Mwenyekiti, waitwe ndani wapewe viti kabla ya kufika neno la nne.